Miti Myeupe ya Baba

Jumamosi iliyopita, mwezi huu wa Julai, tulimzika Baba hapa Ganze, na nikampoteza mtu pekee niliyemjua aliyewahi kuona miti ikiota barafu.

Nilikuwa darasa la nne aliporudi kutoka Nyandarua, alikokuwa akilinda kitalu cha miche. Blanketi lake lilinuka moshi wa mikaratusi. Ulikuwa mwaka wa ukame, mahindi yamekauka shambani yakilia kama karatasi kila upepo ukipita, nasi watoto tulijikunja ndani ya blanketi hilo tukimsikiliza. Alisema kule usiku baridi huteremka mlimani na kukaa bondeni kama maji kisimani. Ukungu nao ni matone madogo mno, baridi kupita kiasi, lakini bado ni maji. Hayagandi mpaka yapate pa kushika. Yakigusa tawi yanaganda papo hapo, tone juu ya tone, upande ule unakotokea upepo, na asubuhi mti mzima una ndevu nyeupe. Aliposimulia hayo mangweni, wanywaji wa mnazi walicheka mpaka wakamwaga vibuyu, wakamwita Mzee Barafu.

Utani ungeishia hapo, lakini jirani yetu Kazungu aling'oa alama za mpaka wa shamba akajitwalia mikorosho yetu. Wazee walipoketi kusikiliza kesi, Kazungu hakujitetea. Aliuliza tu kama watachukua neno la mtu aliyeona miti ya barafu. Mzee Karisa, aliyeongoza kikao na aliyempenda Baba, alimshika mkono.

“Baba Kadzo, sema ulikuwa unatutania. Basi. Tuendelee na mikorosho.”

“Niliiona,” Baba akasema.

Wazee wakaamua, mikorosho ikaenda kwa Kazungu. Mama alimwambia kwamba watoto hawali barafu. Akamjibu kwamba hata korosho za uongo hawatazila.

Leo wajukuu wake wanaiona miti hiyo kwenye simu na hawashangai, lakini mikorosho ingali kwa kina Kazungu. Siku ya mazishi kaka yangu aliniomba nisiitaje miti ya barafu nikisimulia maisha ya marehemu, watu wasije wakacheka mbele ya jeneza. Mimi sijafika Nyandarua, wala mti huo sijauona kwa macho yangu. Nilisimama nikaeleza yote: baridi, ukungu, tawi, upepo. Mtoto wa Kazungu akacheka kule nyuma. Nikamngoja amalize, kisha nikaanza tena tangu mwanzo.