Nimeiona

Ilikuwa Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, nilipokuwa na miaka tisa. Sasa niko kidato cha tatu, lakini harufu ya robota la mitumba likifunguliwa bado hunirudisha kwenye kibaraza chetu cha Lipingo, dagaa tunaowaita usipa wakikauka uani.

Mjomba, mdogo wake mama, aliuza mitumba. Ndani ya robota moja alikuta ubao wa mchezo wa vita vya angani, wenye ndege ndogo za plastiki na dadu. Maelezo yalikuwa kwa lugha tusiyoijua, basi akatunga sheria zake. Punje kumi za mahindi zilikuwa nyumba zetu. Mimi nafunika macho kwa khanga, yeye anasogeza ndege moja kutoka upande wa ziwa. Nikifunua, niseme "Nimeiona" kabla hajarusha dadu. Nikinyamaza, tumeshambuliwa.

"Sema kwa sauti, mama," aliniambia. "Wewe mpole mno, hata kuku wanakupora ugali."

Ndani ya giza la khanga nilisikia plastiki ikikwaruza ubao, taratibu. Nilipofunua nikaiona mara moja, nyekundu, karibu kabisa na punje. Je, kama siyo yenyewe? Mjomba alishika dadu muda mrefu, akinitazama kama mtu anayeomba kitu. Kisha akairusha.

Akaziondoa punje mojamoja. "Kwa katekista. Kwa fundi baiskeli. Kwa Hilda."

Hatukuwa na jirani aitwaye Hilda.

"Uliiona?"

"Niliiona, Mjomba."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa kukosea, halafu unicheke."

Akakunja ubao. "Hata mimi," akasema, akaingia ndani. Nikajua nimemuudhi.

Mwaka huu ndipo mama aliponieleza. Walipokuwa wadogo kule Chiwanda, wakati wa vita vya ng'ambo ya mpaka, Mjomba aliona ndege ikija chinichini juu ya ziwa. Alinyamaza, akihofia kuchekwa. Hilda alikuwa dada yao. Na mimi miaka yote nilidhani mchezo ule ulikuwa wangu.

Asubuhi iliyofuata mchezo ule sikujua lolote kati ya hayo. Kwa kawaida nilijificha nyuma ya jiko mpaka niitwe kuamkia. Siku hiyo nilimkuta akifunga robota kwenye baiskeli, amenipa mgongo, nikasema kwa sauti iliyowafanya waanika usipa wageuke, "Mjomba, nimekuona. Shikamoo."