Siku Tuliyokwenda Katana Kutazama Mnara

Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia, na katika miaka ile ya Zaïre alikuwa na redio ya kuzungumza na watu wa mbali, kwa mapenzi tu. Kibali chake alikitia kwenye fremu, kikatundikwa ukutani juu ya picha ya harusi yetu. Antena ilikuwa waya uliotoka dirisha la jikoni hadi kwenye mparachichi wa jirani. Nyumba yetu, mtaa wa Nguba, ilikuwa chini kabisa ya mteremko, karibu na ziwa. Kwa kuwa antena ilikuwa chini, aliwasikia wengi lakini waliomsikia walikuwa wachache.

Siku moja alirudi kazini amechangamka. Karibu na Katana kulikuwa na kiwanda cha kahawa kilichofungwa, na mnara wake wa chuma ulikuwa unauzwa. Mita kumi na nane!

Mimi nilitaka nguzo ya mti wa mkaratusi.

"Muti itaoza," alisema.

"Na chuma itaangukia nyumba yetu."

Tukakubaliana twende tuutazame pamoja.

Tulikwenda Jumamosi kwa kamyoneti ya rafiki yake, gari dogo la mizigo, pamoja na dereva wake. Mnara ulikuwa bado umesimama, mwembamba na mzuri, lazima niseme ukweli. Aliuzunguka mara tatu, akaupapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akavua koti, akanipa, akaanza kupanda ili akague bulo za juu, zile bolti zinazoshika vyuma.

Alipofika katikati alisimama. Nilidhani anakagua. Halafu nikaona amekumbatia chuma kwa mikono yote miwili.

"Papa, iko nini?" nilimwita kutoka chini.

"Siwezi shuka," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Tulikuwa tumeoana miaka kumi na miwili, na sikujua kwamba anaogopa kuwa juu. Baadaye aliniambia kwamba hata yeye hakujua. Mlinzi wa kiwanda alianza kucheka, nilimtazama, akanyamaza. Nilivua viatu, nikafunga kitenge changu vizuri katikati ya miguu, nikapanda. Nimekulia Mwenga, kwenye michikichi, na kaka zangu hawakuwahi kunishinda kupanda.

Nilipofika chini yake nilimshika kifundo cha mguu. "Usiangalie chini. Huu muguu ni wangu sasa. Niachie." Akauachia. Nikauweka kwenye chuma cha chini, kisha nikachukua wa pili. Tulishuka hivyo hivyo, hatua kwa hatua, yeye amefumba macho.

Chini alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote. "Huu hatuuchukui," alimwambia mlinzi, kana kwamba kasoro ilikuwa kwenye bulo.

Tukirudi, karibu na Kavumu, tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara. Askari alikandamiza kitako cha mti uliolazwa kukata njia, na ncha yake ndefu ikapanda polepole kutupisha. Nilimgusa mume wangu begani.

"Angalia. Kama mutu hawezi panda, munara ilale chini, imungojee."

Alitazama mti ule mpaka dereva akatucheka. Kisha naye akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi, na nikajua aibu imemtoka.

Fundi mmoja wa Kadutu alituunganishia mabomba ya maji yawe mnara, akaweka bawaba kwenye kitako ili uweze kulala na kusimama. Ulikuwa na mita tisa tu, na mume wangu alizisikitikia zile kumi na nane kwa wiki nzima. Jumapili baada ya misa alifunga antena akiwa amepiga magoti kwenye majani. Tukavuta kamba pamoja, mnara ukasimama.

Mtu wa kwanza kujibu alikuwa Lubumbashi. Alisema anatusikia kama tuko chumba cha pili. Mume wangu alinigeukia, akanipa maikrofoni.

"Sema naye, maman. Mwambie ni wewe uliyechagua mnara."

Nilimwambia. Akataka kujua ni wa namna gani, na nikamweleza kwa urefu, nikiacha ile safari ya Katana.