Sinia Aliloandaliwa Abla

Alasiri ile hunijia mara nyingi, hasa nikiwa nimejilaza na feni inazunguka polepole juu ya kichwa changu. Naiona nyumba ya mama hapa Ibra, pazia la kijani la ukumbini linajaa upepo, linatulia, linajaa tena. Jua limelala juu ya busati. Harufu ya iliki imeenea mpaka vyumba vya nyuma, na mtu anacheka, sijui nani. Kila kitu ni kizuri mno, wallahi, hata huwa natamani alasiri ile isimame papo hapo isiendelee.

Wakati huo nilikuwa nimeachwa, nimerudi kwa mama na binti yangu wa darasa la pili. Nilikuwa nikishona nguo za wanawake pale nyumbani, na wanawake wenyewe walikuwa wameshazoea kununua za dukani zilizo tayari. Maji yalinifika shingoni. Asubuhi mtoto alikunywa chai na kipande cha mkate, basi, mpaka arudi. Wakati wa mapumziko wenziwe walipanga foleni kwenye maqsaf, duka la chakula pale skuli, wakanunua mkate wa jibini na maziwa ya boksi. Yeye alikwenda kusimama kwenye bomba la maji baridi, akanywa, akanywa tena, kama mtu mwenye kiu kubwa. Akipewa kipande na mwenziwe, husema, "Nimeshiba, alhamdulillahi." Ndivyo bibi yake alivyomfundisha kusema akikaribishwa kwenye nyumba za watu.

Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyeniita. Akaniambia mtoto anasinzia saa ya hesabu, na kwamba skuli inatoa chakula cha bure kwa watoto wasiojiweza. "Omba, dada yangu, hakuna aibu." Nikaomba. Nikaambiwa mwalimu wa ustawi atakuja kuiona nyumba kabla shauri halijakatwa. Watoto walimwita abla, kama wanavyowaita walimu wao wote wa kike.

Mama sikumwambia habari ya kuomba. Thubutu! Mama yangu ni mtu wa Unguja mjini, alikuja huku nchi ya Waarabu akiwa msichana. Kiarabu chake mpaka leo ni cha sokoni, lakini kuomba hakukujua kwa lugha yoyote. Nikamwambia tu kwamba mwalimu wa skuli anakuja kututembelea, anataka kuona mtoto anavyoishi.

"Ataona!" akasema mama, akajifunga kibwebwe.

Toba! Toka asubuhi nyumba haikukalika. Mchele wa mwisho ukarowekwa, ukasagwa, ukawa mkate wa kumimina. Mtoto, maana ilikuwa siku ya mapumziko, akatumwa kwa jirani wa kulia kuazima dele la kahawa na vikombe, na jirani akatia na halua. Akatumwa kwa jirani wa mbele, akarudi na sambusa. Nyumba ya pembeni ya mfereji wa falaji walitoa tende na tikiti. Hapa mtu akisikia mwenziwe ana mgeni haulizi mara mbili. Namwona mpaka leo akija kichochoroni na sahani imefunikwa kawa, ameishika kwa mikono yote miwili, anatembea taratibu kama anabeba maji. Hata kidole hakulamba. Chakula cha mgeni hakiguswi mpaka mgeni ale, na hilo nalo bibi yake alikuwa amemfundisha.

"Mama, yatosha," nikasema.

"Yatosha nini? Mgeni aje aikute nyumba kavu? Akatutangaze kwao kuwa tuna dhiki?"

Ndicho anachokuja kutazama, nikasema moyoni.

Abla alikuwa mwanamke kijana, mtu wa Samad Ash Shan, sauti yake ya chini na ya upole. Akavua viatu mlangoni, akakaa busatini, na sinia likawekwa mbele yake. Loo, sinia lile! Halua inang'ara, sambusa bado za moto, tikiti limekatwa vipande vyembamba, na katikati mkate wa kumimina umechambuka vizuri. Abla hakuwahi kuuona. Akaonja, akafumba macho. Mama meno nje, akimmiminia kahawa na kumhimiza kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, "Kula, mwanangu, hujala kitu wewe!" Wakacheka wote wawili. Pazia likajaa upepo. Na mie, niseme kweli, kwa muda kidogo nilisahau. Niliona tuna neema tele, na kwamba sinia lile ni letu na kesho litakuwepo tena.

"Na wewe njoo ule," abla akamwambia mtoto.

"Nimeshiba, alhamdulillahi," akajibu. Macho yake yalikuwa kwenye sambusa. Bibi yake akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Abla akafuta mikono, akanigeukia. "Mashaallah, nyumba yenu ni ya heri. Lakini sitaki kukudanganya, dada yangu. Kile chakula cha skuli ni cha watoto ambao nyumbani kwao hakuna, na nafasi ni chache. Mtoto wako hana shida, tumshukuru Mungu."

Nitasemaje kwamba halua ni ya jirani, na mama yuko pale, anatabasamu, na dele la watu mkononi? Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Abla akaaga, akatoka, akainama kuvaa viatu vyake.

Mama alikuwa ameyanasa maneno mawili matatu. Akaniuliza kwa Kiswahili, pole pole, "Chakula gani cha skuli?"

"Nilimwombea mtoto, mama. Kule hali kitu mpaka arudi."

Mama akamtazama mjukuu wake. "Kweli, mwanangu? Mbona hukunambia?"

"Nimeshiba, bibi," mtoto akasema.

Sijapata kuuona uso wa mama ukibadilika namna ile. Aliliweka dele chini, akatoka barazani mbio, mtandio umemwanguka mabegani, akamshika abla mkono. Kiarabu chote kilimkimbia, hata kile cha sokoni. Akawa anasema Kiswahili tu, na abla wa watu anamkodolea macho, hajui hata neno.

"Si vyetu! Mwambie vile vyakula si vyetu, ni vya majirani, ni mie niliyevitaka! Mwambie mtoto huyu ana njaa!" Akanigeukia. "Mwambie, we! Umekuwa bubu?"

Nilikuwa nalia. Nilijaribu, wallahi nilijaribu, na sauti haikutoka. Mama yangu, katika umri wake wote, hakupata kulitamka neno lile mbele ya mtu baki, na mie ndiye niliyepaswa kulichukua kutoka kwake na kulipeleka upande wa pili. Nilishindwa.

Basi akapita mtoto. Alijipenyeza katikati yetu, akasimama wima kama wanavyosimama foleni ya asubuhi, akasema kwa Kiarabu chake safi cha skuli, "Abla, bibi anasema vyakula ni vya majirani." Akamtazama bibi yake juu, kama anayeomba ruhusa, na bibi yake akaitikia kwa kichwa. "Anasema mimi nina njaa."

Chakula cha skuli alikipata, akaanza kupanga foleni na wenziwe. Lakini hayo huwa siyaoni katika ule usingizi wangu wa mchana. Namwona abla akivua viatu vyake mara ya pili. Namwona akirudi busatini, anamkalisha mtoto ubavuni pake, anamkatia mkate. Mtoto alikula sambusa, akala halua, akala tikiti mpaka ganda likawa jeupe. Kila abla alipomwongezea, aliinyoosha sahani. Bibi yake alikaa pembeni akimmiminia maji, analia waziwazi, hafuti. Pazia lilikuwa linajaa upepo na kutulia, na mtoto akala mpaka akaacha mwenyewe. Hakusema ameshiba.