Picha Iliyobaki Kwenye Diski

Mama mmoja alimwona mtoto wake kwa dakika nne hivi, kwenye kioo cha kompyuta, alasiri ya Jumanne moja, katika ofisi yetu ya Rohero, mjini Bujumbura. Alikuwa hajamwona kwa zaidi ya miaka miwili. Kesho yake asubuhi, mashine iliyohifadhi picha ile haikuamka. Picha haikufutika wala haikuungua. Ilibaki palepale ilipokuwa, na dawa ya kuiamsha mashine ilikuwepo pia, ila ilikuwa nchi nyingine, na ilitolewa kwa wale tu waliolipa ada ya mwaka. Sisi hatukuwa tumelipa.

Ofisi yetu ilikuwa ndogo. Kazi yake ilikuwa kutafuta wazazi wa watoto waliopoteana nao wakati wa kukimbia vita. Wenzetu walizunguka kwenye kambi za waliohama makwao, wakampiga picha kila mtoto asiye na mtu wake, wakajaza kadi: jina analojiita, jina la baba kama analikumbuka, kilima alichotoka (kwetu kilima ndicho kijiji), mahali alipookotwa, familia iliyomchukua na inakoishi. Kadi zililetwa mjini. Mimi nilizisoma, nikaziingiza kwenye mashine, mwenzangu akahakiki, kisha tukazichoma kwenye pipa nyuma ya ofisi.

Wageni walishangaa tukiwaambia hivyo. Watu wa Bujumbura hawakushangaa. Karatasi moja yenye jina la mtoto, jina la baba yake na kilima chao ilitosha kumwambia mwenye bunduki nani ni nani na leo analala kwa nani. Gari likisimamishwa njiani, karatasi hiyo ingesomwa. Kwa hiyo tulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kadi ikishaingia kwenye mashine inachomwa. Ya pili, hakuna jina wala mahali panapoandikwa tena kwenye karatasi, au kutajwa kwa mtu, mpaka mkuu wa ofisi asaini fomu ya kumkabidhi mtoto. Watu wa uongo nao walikuwa wanakuja kudai watoto. Sheria hizo nilizitetea wakati ule, na sijapata sababu ya kuziacha.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati la chuma, kimo chake kinafika kiunoni, lenye safu za diski zinazochomolewa kama droo. Tulipewa na wafadhili. Kitabu chake kilisema liachwe likiwaka usiku na mchana, katika chumba chenye baridi. Sisi tulilizima kila siku kabla ya saa kumi za jioni. Umeme haukuaminika, mazuti ya jenereta yalikuwa haba, na kila mtu alitakiwa awe kwake kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Wala hakuna aliyetaka jenereta lingurume peke yake gizani, likiwatangazia watu kwamba ndani kuna kitu.

Mwaka wa kwanza matunzo yalikuwa bure. Mwaka wa pili ilikuja barua kutoka kwa wakala wa watengenezaji, Nairobi. Ilieleza kwamba ndani ya kila diski kuna programu ndogo, si ile tunayoiona kwenye kioo, bali ile inayoifundisha diski yenyewe namna ya kuamka, kuzunguka na kukumbuka. Watengenezaji huendelea kuisahihisha kila wanapogundua kosa. Anayelipa ada ya mwaka hupewa masahihisho hayo. Asiyelipa hubaki na programu iliyokuja na mashine.

Mkuu wetu alipeleka barua kwa wafadhili. Jibu lilikuja kwa maneno machache: mashine walishainunua, gharama za kujirudiarudia hawazibebi.

“Mutu anakupa ng’ombe,” mkuu alisema, “halafu anakukataza kununua chumvi ya kuilambisha.”

Fundi aliyekuwa akitutengenezea vitu, Mwislamu wa Buyenzi aliyeanza na redio kabla kompyuta hazijafika mjini, aliona ada yenyewe ndiyo kichekesho. “Hiyo ni kama kulipa fundi ya viatu kila mwaka,” alisema, “ili akuambie ndani ya kiatu kuna musumari alisahau yeye mwenyewe.”

Tulicheka. Niliiweka barua kwenye faili lake, kwa tarehe. Mashine ilifanya kazi vizuri mwaka ule, na mwaka uliofuata pia, na barua ya pili na ya tatu niliziweka nyuma ya ile ya kwanza.

Yule mama alitoka Kanyosha. Alikuwa na beseni tupu, sombe, majani ya muhogo aliyokuwa amebeba, ameshaiuza asubuhi. Binti yake alikuwa na miaka miwili walipopoteana, watu walipokuwa wakikimbia mteremkoni na milio ya bunduki ikiwa nyuma yao. Kutafuta kwa jina hakukufaa, kwa sababu watoto wa umri ule, ukiwauliza jina la baba, wengi wanajibu “Baba.” Nilitafuta kwa umri na jinsia, nikawa namwonyesha picha moja baada ya nyingine. Alitazama bila haraka, kama anayechagua maharage.

“Rudisha,” alisema.

Nilirudisha.

“Njo huyu. Ni yeye.”

“Una hakika, mama?”

Alikuwa anaongea na kioo. “We mutoto, nani alikuvalisha hii kanzu? Angalia vile imekuwa kubwa. Na hizi nywele? Hakuna mutu ana kitana kule?” Kisha akanigeukia. “Amekonda.”

Chini ya picha kulikuwa na mistari ya kadi, kwa Kifaransa, ambacho yeye hakukisoma. Mimi niliisoma. Niliona jina la familia iliyomchukua na mahali inakoishi, kama nilivyokuwa nimeona ya watoto wengine wengi alasiri ile. Mkuu alikuwa kwenye mkutano. Umeme ulishakatika, tulikuwa tunatumia jenereta, na saa ya kuzima ilikuwa imefika.

“Kesho asubui, mama. Patroni atasaini, tutakupa karatasi, gari itakupeleka.”

“Kesho njo kesho?”

“Njo kesho.”

“Basi niambie tu ni wapi.”

“Apana, mama. Mpaka asaini.”

Alikubali. Aliutazama mlango, akatazama tena kioo, akachukua beseni lake. Nilizima kompyuta, kisha kabati, kisha jenereta, kwa mpangilio wa kila siku, nikaandika saa kwenye daftari la mashine.

Asubuhi taa za mbele za kabati, ambazo huwa za kijani, zilikuwa za rangi ya chungwa. Mama alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi kwa kitenge safi. Nilizima, nikawasha, nikazima. Mchana fundi alikuja kutoka Buyenzi, akapiga goti, akaweka sikio kwenye droo moja moja kama daktari.

“Zinazunguka,” alisema. “Lakini hazijui kama kumekucha.”

Nilikwenda kwenye duka la intaneti karibu na soko kuu. Niliona kwamba watengenezaji walikuwa wamechapisha orodha ya makosa yanayojulikana, na mtu yeyote angeweza kuisoma. Kosa letu lilikuwemo. Diski za aina yetu ziliandika ndani yao kumbukumbu fupi kila zilipowashwa. Nafasi ya kumbukumbu hizo ikijaa, diski hushindwa kuamka. Sahihisho lilikuwa limetolewa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Kando yake kulikuwa na mchoro wa kufuli. Nilinakili yote kwenye daftari, pamoja na tarehe.

Fundi alisoma mara mbili. “Kumbe ugonjwa wetu wanaujua,” alisema. “Dawa pia wako nayo.” Baadaye akasema jambo ambalo sijalisahau. Kwingine mashine kama ile huwashwa mara moja ikakaa hivyo miaka na miaka, hivyo huenda hakuna aliyekuwa ameifikisha ilipofika yetu. Sisi tuliifikisha kwa kuwahi nyumbani kila jioni.

Mama bado alikuwa kwenye benchi. Nilimweleza. Sikujua namna ya kumweleza, nikamwambia tu mashine imelala na haiamki.

“Lakini we ulisoma,” alisema. “Ni wapi?”

Nilikuwa nimesoma. Nilikumbuka ile kanzu, gauni la manjano, na uzi mweusi mkononi mwa mtoto. Nilikumbuka kwamba mstari wa mahali ulikuwa mfupi. Neno lenyewe halikuja. Usiku ule niliandika majina ya kambi zote nilizozijua, nikayasoma kwa sauti, nikisubiri moja linishtue. Yote yalisikika sawa. Wenzetu waliopiga picha niliwauliza mmoja mmoja. Kila mmoja alikumbuka mtoto mwenye kanzu ya manjano, na kila mmoja alitaja mahali pake.

Mkuu aliwaandikia wafadhili tena, safari hii akieleza kilichopotea. Miezi ikapita. Kusini mwa mji mabomu yaliangukia nyumba za watu, Kinanira watu walihama na magodoro kichwani kisha wakarudi, sisi tukaendelea kufika kazini na kuingiza kadi mpya kwenye kompyuta ndogo. Mama alikuja kila Jumanne. Hakuwahi kugomba.

“Mashine imeamuka?”

“Bado, mama.”

“Muipe pole.”

Fedha zilipokubaliwa, wakala alituarifu kwamba haiwezekani kulipia mwaka mmoja. Anayerudi hulipa tangu siku alipoacha, miaka yote aliyoruka, kama vile alikuwepo. Hilo nalo likahitaji barua. Tulipolipa tulipewa namba ya siri, fundi akaenda nayo kwenye duka la intaneti, akarudi na sahihisho kwenye sidii. Aliliweka kwenye kompyuta, akaliunganisha na kabati, akasubiri. Kioo kilijibu kwamba sahihisho huingia kwenye diski iliyo macho.

“Wanataka mugonjwa ainuke kwanza, ndiyo wampe dawa,” alisema. Hakuna aliyecheka, naye hakuwa amesema ili tucheke.

Ilibaki njia moja tu: diski zipelekwe Nairobi kwenye karakana yao, ambako wana vifaa vya kuzifungua kwa nguvu. Tulizifunga kila moja kwa kitambaa, tukazipanga kwenye katoni, nikaandika namba ya kila droo. Karakana ilijibu kwamba imezipokea zote, na kwamba ada yetu, kwa sababu ilihesabiwa tangu siku tulipoacha, imekwisha wiki iliyotangulia. Wangezigusa tukilipia mwaka unaoanza. Niliipeleka barua hiyo kwa mkuu. Yeye alinionyesha nyingine, ya wafadhili, iliyosema mradi unafungwa mwisho wa mwezi.

Jumanne iliyofuata mama alikuta tunabeba meza. Alisaidia kubeba kiti kimoja mpaka kwenye gari. Aliniambia ataanza kuzunguka kambi mwenyewe, kwa sababu sombe inauzwa kila mahali.

Ilipita miaka miwili na nusu hivi. Nilikuwa nimepata kazi nyingine, hapohapo Rohero, alipokuja kuniulizia mlangoni. Alikuwa mwembamba zaidi.

“Nimepata mutoto,” alisema.

Alimtoa kambi ya kaskazini. Familia iliyokuwa naye ilimwokota njiani mwaka uleule, walishindwa kumlisha, walimtoa bila maswali. Kanzu hawakuwa nayo tena. Mtoto mwenyewe hakumbuki kitu kabla ya ile familia.

“Siku ingine ninaamuka naona njo yeye,” alisema. “Siku ingine naona ni mutoto wa mutu, na mama yake anazunguka kama mi. Picha tuliiona watu wawili tu, mi na we. Kuja umuangalie.”

Nilikwenda Jumapili. Msichana alikuwa na miaka saba au nane, anaosha sahani uani, akipanga vikombe kwa ukubwa. Mama alimwita, akaja, akanipa mkono kwa heshima, akabaki amesimama kama alivyoambiwa. Nilitazama paji la uso, masikio, umbali kati ya macho. Nilijaribu kukumbuka uso wa kwenye kioo, na kila nilipojaribu ulikuja uso huu uliokuwa mbele yangu. Mwishowe mama alimruhusu arudi kwenye sahani.

“Basi?” aliniuliza.

“Sijui, mama.”

Aliitikia kwa kichwa. Alinipakulia maharage na ndizi, tukala.

Wakati ananisindikiza mpaka barabarani aliniambia jambo lililokuwa linamsumbua wiki ile. Mtoto ameanza darasa la kwanza, na shule inataka karatasi ya kuzaliwa kutoka komini, ofisi ya serikali ya eneo. Jina la binti yake analo, tarehe anayo, mashahidi wawili wamekubali kusaini. Fomu ameipata na ameijaza yote isipokuwa mstari wa jina. Mwalimu amempa mpaka mwisho wa muhula.