Jiko la Uvunguni

Dereva mstaafu hakujua kutulia. Tangu duka lifunguliwe, muuzaji alikuwa amemwona akiingia mara tatu kukagua yale yale majiko ya kuchomea nyama safarini. Alilikunja moja, akalikunjua, akaligonga miguu kwa kucha, akapima kimo chake kwa shubiri, kisha akatoka mbio kwenda kupima uvungu wa kitanda alichokiunda mwenyewe ndani ya gari lake. Kila aliporudi alikuwa akihema, kiganja kikikanda kifua.

"Hili la mkaa zito kidogo," muuzaji alimwambia, "ila wewe mzee bado una misuli."

"Nani kauliza misuli yangu?" Mzee alimgeukia mkewe aliyekuwa akisubiri mlangoni. "Mama watoto! Hebu njoo ulinyanyue. Peke yako."

Hapo ndipo muuzaji alipong'amua kwamba asubuhi nzima mzee alikuwa akimchagulia jiko mtu atakayesafiri bila yeye. Mke alilinyanyua, akakitazama kile kiganja kifuani, akaliweka chini taratibu.

"Jepesi," alisema. "Lakini peke yangu silibebi ng'o. Shika upande huo, mwanamume wewe, twende kabla hujaanza kupima na barabara."