Picha za Leo

Mtaani walimwita Kaa Wima, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila mteja wa picha za pasipoti: "Kaa wima, masikio yaonekane!" Hata mashemeji zake walikuwa wamelisahau jina alilopewa na baba yake.

Mama yake alianguka akavunjika nyonga, akalazwa akiwa ameelekezwa ukuta mtupu wenye rangi ya uji uliopoa. Akagoma kula. Kaa Wima akaenda nyumbani kwao, akapiga picha ya miti ya mikangazi aliyoipanda marehemu baba, na kijito kinachopita chini yake, akaichapa kubwa na kuibandika ukutani. Mama aliitazama weee, kisha akaomba maji. Baadaye akaomba chakula.

Basi wodi nzima ikataka yake. Huyu alitaka bonde lenye ukungu, yule ndege kwenye matete. Sharti la Kaa Wima lilikuwa moja: picha iwe mpya, ili mgonjwa ajue kwamba anachokiona kipo, kinamngoja. Wakaziita picha za leo.

"Mtulizaji kaja!" alitania bibi wa kitanda cha jirani, aliyefungwa plasta mguu mzima. "Mimi niletee mto, mwanangu, nioge. Wauguzi hawa wananipangusa kama meza."

Ndipo kaka yake, aliyebaki nyumbani kwa wazazi, akampigia simu. "Usijichoshe kuja huku, mdogo wangu. Unazo picha tele za zamani. Chapa hizo. Majani ni majani." Sauti ilijaa huruma, naye Kaa Wima alikuwa hoi kwa kukimbia huku na huko. Akachapa za zamani. Mama alipouliza, "Hii ya lini?" alijibu, "Ya leo," na urahisi wa jibu ukamshangaza mwenyewe.

Daktari alipotaja habari za kumruhusu, Mama alimwomba mwanawe, "Kaniangalizie kama mikangazi imechipua." Safari hii ulimi ukawa mzito. Akaenda.

Aliona anga mahali ambapo hapakuwahi kuwa na anga. Chini, visiki, na unga wa mbao ukielea kijitoni. Kaka yake alikuwa barazani, anapiga mswaki.

"Kaka, iko wapi miti ya Baba?"

"Nimeuza." Akatema povu. "Ungekuja, ungemwambia Mama, naye angekuja hata kwa machela. Ila ulimtuliza vizuri, bwana. Hongera."

Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa kimemsaidia hadi kufunga vifungo. Kaa Wima alitaka kutukana. Akanyanyua kamera, akapiga picha ya visiki.

Wodini alimwekea Mama mikononi, hakuibandika. Mama aliipeleka mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii ya lini?"

"Ya leo, Mama."

"Na zile za ukutani?"

Alitazama sakafu. "Za zamani. Kaka aliniambia nisije, nami nikamsikiliza. Sikujua."

"Hukujua kuhusu miti. Kuhusu picha ulijua."

Akaukunja mkanda wa kamera.

"Kumbe hamkuwa mnanituliza," Mama alisema taratibu. "Mlikuwa mnaniliza."

Bibi wa jirani, asiyekosa la kusema, alivuta shuka hadi kidevuni. Mama akamwita muuguzi, akaomba ageuziwe kitanda upande wa dirisha, ambako hapakuonekana kitu ila paa la jiko la hospitali na moshi wake.