Shangazi Aliyemrudisha Ndama

Juzi niliwakuta majirani wakimzalisha ng'ombe wao, wakimvuta ndama mguu mmoja. "Msukumeni ndani kwanza!" niliwaambia. Wakanicheka, na binti yao mdogo akanitolea macho. Hasira yake ikanikumbusha alasiri ile ya utoto wangu, Bagamoyo, ng'ombe wetu aliposhindwa kuzaa.

Zizi lilinuka damu na mafuta ya nazi. Pua ya ndama ilichungulia na ukwato mmoja tu. Shangazi, aliyeolewa kwa wafugaji kijijini Mkange, alijipaka mafuta mpaka kiwikoni, akaanza kumsukuma ndama ndani. Nilidhani amemkataa, anamrudisha alikotoka. Nikaangua kilio.

"Mguu wa pili umejikunja, kaka," alimwambia baba. "Niache niunyooshe."

Baba hakusikia. Aliita wavuvi wenzake, wakafunga kamba, wakavuta kwa wimbo ule ule wa kupandishia mashua ufukweni. Ng'ombe akakoroma. Nami nikaishika kamba, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Ndama alitoka amekufa.

Nilimlaumu Shangazi. Sikumwamkia hata mara moja mpaka aliporudi kwa mumewe.

Jana, ndama wa majirani naye keshafukiwa, binti yao alinipita njiani. Hakuniamkia.